Oxford siku kwa siku, na mambo yetu niliyoyakuta huko

Wengi wanaokwenda Oxford hutoka London asubuhi, saa nne washafika, wanapiga picha pale kwenye kuba la Radcliffe, wanapanga foleni kwenye koleji ya Christ Church kuuona ule ukumbi wa kulia, saa kumi washarudi zao. Mimi nawaambia watu wangu mkipata nafasi ya kwenda basi laleni huko, manake ule mji haujianiki, mambo yake yako nyuma ya kuta na vilango vidogo, na yale yanayotuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki hayamo kabisa kwenye ziara za haraka haraka. Nilikwenda mwanzo wa Juni, kila usiku kabla sijalala naandika kwenye simu, na haya ndiyo niliyoyaandika, nimeyanyoosha kidogo tu.

ALHAMISI

Basi kutoka Victoria huchukua kama saa mbili hivi ikiwa njia haina foleni, na zuri lake ni kwamba linapita Headington kabla halijateremka mjini. Dadangu, binti ya khalati yangu, ni nesi, miaka mingi yuko huko na nyumba yake iko Headington huko huko juu kilimani, akanipigia niko njiani akaniambia usipitilize mpaka stendi ya Gloucester Green ukajichosha bure na begi, shuka kwetu. Ukiwa na mwenyeji umepona, vyumba vya katikati ya mji bei yake si mchezo. Asiye na mwenyeji atafute vyumba vya wanafunzi, koleji nyingi hukodisha kwa wageni wakati wa likizo, na asubuhi chai unakunywa humo humo kwenye ukumbi wao wa kulia, na hiyo peke yake ni ziara.

Kabla hata sijafika nyumbani kwake akanizungusha barabara inayoitwa New High Street, ataka nione kitu. Nyumba za matofali za kawaida, zimeshikana mstari mmoja, na moja yao ina papa kwenye paa. Papa mzima, urefu zaidi ya mita 7, ameingia kichwa chini kapasua vigae, mkia uko juu hewani. Mimi papa nimezoea kumuona Marikiti amekaushwa, sikujua nisimame wapi nimtazame. Aliwekwa tarehe 9 Agosti 1986, siku ya kumbukumbu ya bomu la Nagasaki, mwenye nyumba Bill Heine alikuwa anapinga mambo ya nyuklia na mabomu yanayowaangukia watu majumbani mwao, mchongaji ni John Buckley. Halmashauri ikapigana naye miaka ati atoe, hakuomba ruhusa ya kujenga, mpaka 1992 serikali kuu ikasema papa akae. Na 2022 halmashauri hiyo hiyo ikamtia kwenye orodha ya urithi wa mji. Nimempenda huyu papa kuliko majengo mengi niliyoyaona baadaye, wala sitanii, kwa sababu hapo hapo nilijua huu ni mji ambao mtu akishika jambo lake haliachi.

Usiku wali wa nazi na samaki wa kupaka, shemeji akanichorea ramani nyuma ya bahasha, High Street hii hapa, Carfax, Broad Street, akatia alama moja kubwa Walton Street akasema hii iweke mwisho, ukianza nayo zile nyingine hutaziangalia.

IJUMAA

Amka mapema. Nasema tena, amka mapema, saa moja na nusu asubuhi Radcliffe Square iko tupu, wewe na mtu mmoja wa baiskeli, jiwe lao lile la rangi ya asali limepigwa na jua la pembeni, saa nne huwezi tena hata kusimama ukatazama bila kuingia kwenye picha ya mtu.

Kitu cha kuelewa kwanza, manake mimi nilifikiri nitaona geti kubwa limeandikwa Chuo Kikuu cha Oxford, ni kwamba geti hilo halipo. Kuna koleji zaidi ya 30 zimetawanyika mji mzima, kila moja ina bawabu wake, ukumbi wa kulia na bustani yake, nyingi zina ukuta na kanisa, mwanafunzi ni wa koleji fulani na hulala na kufundishwa hapo, lakini mtihani na digrii ni vya chuo kikuu. Kufundisha kulikuwapo hapo tangu 1096, koleji zikaja baadaye, University 1249, Balliol 1263, Merton 1264. Zikae hizo tarehe, si muhimu sana, muhimu ni hili, kilango kidogo ndani ya lango kubwa kikiwa wazi na kuna kibao cha saa za wageni basi ingia, usione haya. Nyingi hufungua baada ya adhuhuri, baadhi ni bure, zile maarufu unalipa. Juni ni mwezi wa mitihani kwa hiyo nilikuta vibao vingi vya kufungwa, lakini nilipata kuona kitu ambacho wakati mwingine hukioni, vijana wanatembea High Street wamevaa suti nyeusi na majoho, kifuani kila mmoja ana ua, jeupe ni mtihani wa kwanza, la pinki ni ya katikati, jekundu ni mtihani wa mwisho. Wenye majekundu unawajua hata kwa mbali kwa wanavyotembea.

Nikasimama Carfax, njia panda ya mji. Hapo pembeni palikuwa na kilabu cha pombe kikiitwa Swindlestock, na tarehe 10 Februari 1355 wanafunzi wawili wakasema divai mbovu, maneno yakazidi, wakamtupia mwenye kilabu divai na chombo chake kichwani. Basi mji ukawaka. Kengele za kanisa la mji zikapigwa kuita wenyeji, kengele za kanisa la chuo zikapigwa kuita wanafunzi, wakapigana siku tatu mishale na marungu, walikufa watu wa chuo 63 na wenyeji kama 30. Mfalme akasimama upande wa chuo. Na adhabu yake ndiyo iliyonishika, kila mwaka siku hiyo meya na wakubwa wa mji waende kanisani St Mary wakalipe senti moja moja kwa kila mtu wa chuo aliyeuawa, na wakalipa hivyo karne nne na nusu, mpaka 1825! Wakapatana rasmi 1955. Hebu fikiria meya amezaliwa miaka 400 baada ya ugomvi na bado anakwenda kulipa. Dadangu anasema mpaka leo kuna watu wa mji na kuna watu wa chuo, ukiishi huko utaona wenyewe.

Kutoka hapo nenda St Mary hiyo hiyo, iko mwendo mdogo tu High Street, kuingia ni bure ila mnara unalipia. Ngazi 127, mwishoni nyembamba sana za kuzunguka, mwenye magoti mabovu asijaribu. Juu unaliona lile kuba la Radcliffe liko hapo karibu yako, na ndipo unapozielewa koleji, manake kutoka juu unaona zile nyasi za mraba na bustani ambazo kwa chini zimefichwa na ukuta.

Saa saba tukaenda Ijumaa msikiti wa Manzil Way, ng'ambo ya daraja la Magdalen, karibu na Cowley Road. Hapo ndipo mji unabadilika sura, maduka ya nyama halali, ndizi za kupika, mihogo, viazi vikuu, saluni za kusuka, wauza simu, na ukitega sikio utasikia Kiswahili, mimi nilikisikia kwenye foleni ya duka la mboga. Watalii hawavuki hilo daraja na wanakosa kula vizuri kwa bei ya watu.

Alasiri maktaba ya Bodleian, kata tiketi ya ziara yenye kiongozi mapema, huwa zinaisha. Ilifunguliwa 1602 na Sir Thomas Bodley, ikakuta mabaki ya maktaba ya zamani zaidi, ya Duke Humfrey ya 1488, iliyokuwa imemalizwa vitabu wakati wa vurugu za dini. Vitabu haviazimwi kutoka. Hata mfalme Charles wa Kwanza alipotaka kuazima kitabu 1645, wakati huo anaishi humo humo mjini yuko vitani, akaambiwa haiwezekani. Na kila msomaji mpya lazima ale kiapo, na ndani yake anaahidi hataingiza moto maktabani wala hatauwasha humo. Leo ina vitu zaidi ya milioni 13, havitoshei mjini tena, mamilioni viko ghalani Swindon, mtu akiagiza vinaletwa kwa gari. Chini kuna Divinity School, chumba cha mitihani ya dini ya zamani, inua kichwa utazame dari yake, mawe yamechongwa mafundo 455, kila moja na herufi au alama zake, watu waliotoa pesa za ujenzi wakawekwa hapo. Nilikaa kwenye benchi la pembeni mpaka shingo ikauma.

Saa tatu usiku bado kuna mwanga, tukaenda kusimama nje ya Christ Church. Dakika tano baada ya saa tatu kengele yao kubwa, Great Tom, inapigwa mara 101, kila siku. Wanafunzi wa mwanzo walikuwa 100, akaongezwa mmoja baadaye, na zile dakika tano ni kwa sababu Oxford iko magharibi ya Greenwich na saa ya jua yao iko nyuma kwa dakika tano, zamani kila mji ulikuwa na saa yake, wao hawajaiacha. Sisi tuliokulia karibu na misikiti mambo ya wakati wa jua tunayaelewa mara moja.

JUMAMOSI

Siku ya makumbusho, na yote matatu ni bure. Ashmolean sitasema mengi, lilianza 1683, ni kubwa mno, chagua vyumba viwili ukae navyo, wengi wanakwenda Misri ya kale na wanafanya vizuri.

Mwili wangu na roho yangu vilikuwa upande wa pili, Parks Road, Makumbusho ya Viumbe. Jengo la 1860, paa la vioo juu ya nguzo za chuma, pande zote kuna nguzo za mawe, kila nguzo jiwe la aina yake. Mifupa ya dinosari, sawa, lakini mtafuteni dodo. Yule ndege wa Mauritius, bahari yetu hii hii ya Hindi, ambaye mabaharia walimmaliza, kichwa na mguu vilivyohifadhiwa hapo ndiyo nyama na ngozi pekee ya dodo iliyobaki duniani, na 2018 walipompiga picha za mashine wakakuta risasi ndogo ndogo za madini ya risasi kichwani, kumbe alipigwa bunduki. Na juu mnarani wanakaa teleka, wale ndege wanaofanana na mbayuwayu ila hawatui chini. Wanasayansi wanawafuatilia tangu 1948. Wanakuja Mei, wanazaa, Agosti wanaondoka kurudi Afrika. Kuna skrini inaonyesha viota, tulimkuta mama amelalia, ametoka kwetu huyo.

Halafu, mwisho wa ukumbi huo kuna mlango, ukipita umeingia Pitt Rivers. Giza giza, macho yanachukua muda kuzoea. Makabati ya mbao na vioo yamejazana, juu mitumbwi imening'inizwa, nguzo ya kuchongwa ya Wahaida wa Kanada imesimama ukutani zaidi ya mita 11. Jenerali Pitt-Rivers alitoa vitu vyake zaidi ya 20,000 mwaka 1884, sasa wana zaidi ya nusu milioni wakihesabu na picha. Mpangilio wake si wa nchi wala wa miaka, ni wa kazi ya kitu. Kabati hili ni taa tu, za dunia nzima. Lile ni vifaa vya kuvulia samaki. Lile ngoma na zeze. Lile ni kufuli. Kila kitu kina kikaratasi kimefungwa kwa uzi, kimeandikwa kwa mkono, wino mweusi, herufi ndogo sana, unainama mpaka pua inakaribia kioo ndipo usome kimetoka wapi na nani alikileta na mwaka gani. Na chini ya makabati kuna droo, zinafunguliwa, watu wengi hawajui.

Nilikaa hapo zaidi ya nilivyopanga, na sikukaa kwa raha tu. Unasoma kikaratasi kimoja, Afrika Mashariki, kingine, Afrika Mashariki, na wakati mwingine jina la aliyekichukua lipo na la aliyekitengeneza halipo. Wamasai kutoka Kenya na Tanzania walikuja hapo 2018 na tena 2020, wakakaa na wenye makumbusho, wakavionyesha vitu vitano ambavyo havikupaswa kabisa kuwa pale, vitu ambavyo kwa mila hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, haviuzwi wala havitolewi zawadi, maana yake mtu hakukubali. Wakafanya na viongozi wao wa dini taratibu za kujua vilitoka vipi na ni vya familia gani, na makumbusho yakafuata mazungumzo hayo mpaka kwenye familia zenyewe. Mwaka 2020 pia waliyatoa kwenye maonyesho mabaki ya watu, pamoja na vile vichwa vya watu vilivyosinyazwa vya Amerika Kusini ambavyo watu walikuwa wanakuja kuvishangaa. Mimi naona hii ndiyo sababu ya sisi kwenda. Vile vitu vinamjua mwenyewe akija, mtalii mwingine anaona bangili, Mmasai anaona babake fulani. Mtu wa Lamu, wa Pemba, wa Kigoma, akipita kwenye yale makabati ya mikeka na vifaa vya uvuvi ataona makosa kwenye vile vikaratasi ambayo profesa hayaoni, na wafanyakazi wa pale ukiwauliza wanakusikiliza, nilimuuliza mmoja kuhusu mtego wa samaki akachukua kalamu akaandika niliyomwambia.

Dadangu alinipigia kuniuliza umelala humo?

JUMAPILI

Mtoni. Chini ya daraja la Magdalen wanakodisha mashua bapa, ndefu, nyembamba, unasimama nyuma na kusukuma kwa upondo. Kwa watu wa bara inaweza kuwa kioja lakini sisi ambao tumeona wazee wakisukuma mitumbwi kwenye mikoko ya Tudor, kwetu Mombasa, kazi yenyewe tunaijua. Unauacha upondo uteremke wenyewe mpaka uguse chini, unasukuma kwa kuutembeza mkono juu yake, halafu kabla ya kuuvuta unauzungusha kidogo, manake tope la mto Cherwell linashika, na ukishauchomoa unauacha ufuate nyuma uwe usukani. Ukishikwa na tope uachie upondo, usiung'ang'anie, mashua ikiondoka na wewe umeshika mti utabaki hewani. Tulimuona kijana mmoja amebaki nao, jamaa zake wanaelea wanapiga makelele. Shemeji akatupeleka vizuri kabisa, mto umefunikwa na mierebi, bata na vifaranga, upande mmoja ukuta wa Bustani ya Mimea, ya 1621, kongwe kuliko zote Uingereza.

Baadaye tukapanda High Street kwa miguu mpaka mbele ya koleji ya Oriel. Inua macho, juu kabisa, sanamu ya Cecil Rhodes, yule mkoloni wa kusini mwa Afrika. Jengo lile lilijengwa kwa pesa zake alizoacha, likamalizika 1911. Kuanzia 2015 wanafunzi, wakiwemo Waafrika, wakaandamana lile sanamu literemshwe, 2020 wakajaa tena barabarani, uongozi wa koleji ukasema na sisi tunataka kuliondoa, halafu 2021 wakasema gharama na sheria ni ngumu, likabaki. Wameweka kibao cha maelezo. Nimesimama hapo na kibao nimekisoma na naona hakitoshi. Aliyepora ardhi ya watu yuko juu ya ghorofa anatazama chini, na maelezo yako chini kwa wenye kuinama. Ukienda usipite bila kuinua kichwa, na ukiwa na watoto waambie.

Jioni tukaenda Port Meadow, malisho makubwa kando ya mto Thames ambayo hayajalimwa tangu zamani za kale, ng'ombe na farasi wanajilia, wenyeji wana haki ya kulisha hapo. Tulikuwa na mahamri na thermosi ya chai. Sina la kuongeza, kulikuwa kuzuri.

JUMATATU

Asubuhi kabla ya basi dadangu akanipitisha Old Road, dakika chache kutoka kwake, majengo mapya ya vioo ambayo mtalii hana sababu ya kuyatazama. Humo ndimo walimotengeneza chanjo ya malaria ya R21. Na ilijaribiwa wapi? Kilifi, Bagamoyo, Burkina Faso na Mali, watoto karibu 4,800 kwenye jaribio kubwa, na Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaipitisha. Kilifi kuna kituo chao na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na shirika la Wellcome la Uingereza, tangu 1989, mimi nimepita geti lile mara nyingi nikienda Malindi sikuwahi kuwaza upande wa pili wa kamba uko wapi. Dadangu anasema ukiwa kwenye basi la asubuhi la wahudumu wa hospitali na maabara hujui nani ni nesi na nani ni daktari wa utafiti, wote wamechoka sawa.

Sasa Walton Street, alama ya shemeji. Iko kaskazini magharibi, mtaa wa Jericho, mikahawa midogo, hakuna msururu wa watalii. Anzia juu. Upande wa mashariki palikuwa hospitali ya Radcliffe Infirmary, ilifunguliwa 1770 ikafungwa 2007, sasa ni majengo ya chuo. Humo, Februari 1941, polisi aliyeitwa Albert Alexander alikuwa anakufa kwa usaha uliomwenea, wakamchoma penisilini, mgonjwa wa kwanza wao kutibiwa nayo. Wanasayansi Florey, Chain na Heatley walikuwa wanaikuza dawa kwenye vyombo vya kujisaidia wagonjwa kwa kukosa vyombo, vita vimechacha. Akapata nafuu ya ajabu, homa ikashuka, akala. Lakini dawa ilikuwa ndogo mno, wakawa wanachukua mkojo wake wanauchuja kupata dawa iliyotoka wamchome tena, mwishowe ikaisha, akafariki Machi. Dadangu ambaye sindano za penisilini amechoma zisizo na hesabu ananihadithia hiyo tumesimama kwenye nyasi na sauti yake inabadilika.

Teremka kidogo. Jengo refu, uso wake nguzo na lango kubwa utafikiri kasri, la 1830. Hiyo ni Oxford University Press. Ndugu zangu, hebu kumbukeni darasani. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya 1981, chini ya ukurasa wa kwanza pameandikwa nini? Ndiyo hawa. Na kabla yake, ile kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Frederick Johnson, ya 1939, iliyotokana na ile Kamati ya Lugha ya 1930, nayo walichapa hawa. Mji huu ulichapa kitabu chake cha kwanza 1478. Nilisimama ng'ambo ya barabara naangalia lile lango na kufikiri kwamba Kiswahili chetu kiliamuliwa Mombasa 1928, kwenye mkutano uliochagua Kiunguja kikaacha Kimvita cha bibi yangu, halafu kikaja kuvalishwa jalada na watu wa nyumba hii. Sina ugomvi na Kiunguja, ndicho ninachoandikia hapa. Lakini yale maneno ya bibi ambayo hayakuingia nayawazia bado, na nikirudi nitayaandika yote niyakumbukayo.

Mbele kidogo tena kuna ukuta wa zamani wa matofali na jengo jipya limechomoza nyuma yake, sasa ni la koleji ya Exeter. Zamani hapa ndipo ilipokuwa Ruskin, koleji iliyoanzishwa 1899 kwa wafanyakazi waliokosa nafasi ya masomo ya juu, na Tom Mboya alisoma hapa 1955 hadi 1956. Alikuwa na miaka 25 akiingia, tayari ni kiongozi wa wafanyakazi Kenya nzima, hali ya hatari bado iko nyumbani, akaja kusoma siasa na uchumi mwaka mmoja, akarudi, mwaka uliofuata akachaguliwa Baraza la Kutunga Sheria. Sikuona alama yoyote ya jina lake. Nilimwambia kijana mmoja Mkenya niliyemkuta hapo na mkoba wa vitabu, akaniambia kaka mimi napita hapa kila siku na sikujua, akasimama akapiga picha ukuta.

Ukifuata barabara mpaka mwisho unaanguka koleji ya Nuffield, karibu na kilima cha ngome ya zamani. Mnara wenye ncha, ndani yake umejaa vitabu ghorofa juu ya ghorofa. Pesa zake ni za William Morris, ndiye huyo Lord Nuffield, fundi baiskeli wa mji huu aliyekuja kutengeneza magari Cowley, zile Morris Minor ambazo wazee wetu wanazikumbuka. Hapa ndipo Ali Mazrui wetu, yule msomi wa siasa, alipopatia udaktari wake 1966. Mtoto wa Mombasa, mtihani wa sekondari alipata daraja la tatu, Makerere wakamkataa, akaanza kazi ya ofisini, baadaye akapata nafasi akaenda Manchester, Columbia, hapa, na Makerere hiyo hiyo ikamfanya profesa. Amezikwa nyumbani, makaburi ya kina Mazrui, jirani na Fort Jesus. Bawabu aliniruhusu kuingia uani mchana, kuna bwawa refu la maua ya yungiyungi na benchi, bure, kimya, tulikuwa watu wawili tu, nikampigia mwalimu wangu wa zamani wa Kiswahili Mombasa nikamwonyesha kwa video mpaka akataka nimzungushie simu auone mnara wote.

Kutoka hapo mpaka stesheni ya treni ni mwendo wa dakika tano, na treni ya Paddington inachukua kama saa moja, kwa hiyo hata anayekuja kwa siku moja tu na roho yake iko Christ Church, hana sababu ya kuondoka bila kupita Walton Street kwanza.